Seli mpya za lithiamu na LED zinazogeuka bluu: jibu kwa fundi wa taa za dagaa

Swali: "Natengeneza taa za wavuvi wa dagaa hapa Ukerewe. Taa zangu za mwanzo zina seli mbili za 18650 (seli za lithiamu zenye umbo la silinda) nilizotoa kwenye betri za kompyuta mpakato, zimewekwa sambamba ndani ya kasha la spiringi, na LED moja ya XM-L ya wati 10. Nimeunganisha moja kwa moja, bila rezista wala draiva (saketi ya kudhibiti mkondo), kwa sababu betri imeandikwa volti 3.7 na LED volti 3.3, nikaona zinakaribiana. Taa hizo zinawaka tangu msimu uliopita. Sasa nimeboresha kazi: nimenunua seli mpya nne, nimezichomelea kwa vipande vya nikeli na kutumia waya mnene. LED zinageuka bluu, kisha zinakufa. Je, seli mpya ni mbovu? Na je, naweza kufunga LED tatu kwa pamoja, taa ikiwa mita tano kutoka ilipo betri?"

Jibu: Ndugu fundi, seli zako mpya ni nzima, na kwa maelezo uliyotoa, uzima wake pamoja na ubora wa kazi yako ndivyo vilivyoua LED. Taa za mwanzo zimedumu kwa sababu seli zake zilikuwa zimechoka, spiringi za kasha zilikuwa na ukinzani, na waya ulikuwa mwembamba. Vitu hivyo vitatu vilikuwa vikifanya kazi ya rezista bila wewe kukusudia, na ulipoviondoa kwa nia njema uliondoa kizuizi pekee kilichokuwapo kati ya betri na LED.

Tuanze na namba mbili zilizokushawishi. Volti 3.7 iliyoandikwa kwenye seli ni kadirio la kati tu la safari yake yote ya kutoa umeme. Seli ya kawaida ya lithiamu-ioni ikitoka kwenye chaja huwa na volti 4.2, hutulia karibu na 4.1 muda mfupi baadaye, kisha hushuka polepole hadi kufikia volti 3.0, mahali ambapo fundi mwangalifu huihesabu kuwa imekwisha. Namba 3.3 ya LED nayo ni volti inayopatikana pale tu LED inapopitisha mkondo fulani. Jedwali la mtengenezaji wa XM-L linaonyesha kwamba kwa kawaida LED hiyo huwa na volti 2.9 ikipitisha ampea 0.7, volti 3.1 ikipitisha ampea 1.5, na volti 3.35 ikipitisha ampea 3, ambayo ndiyo kikomo chake. Naomba uzitazame namba mbili za mwisho kwa makini. Mkondo umeongezeka maradufu, kutoka ampea 1.5 hadi 3, ilhali volti imepanda kwa robo ya volti tu. Maana yake ni kwamba kosa dogo la volti upande wa betri huzaa kosa kubwa sana la mkondo upande wa LED, na LED huungua kwa sababu ya mkondo na joto linaloletwa na mkondo huo.

Kukaribiana huko kwa volti kunatokana na fizikia upande mmoja na kemia upande mwingine. LED nyeupe ni chipu ya bluu iliyofunikwa kwa unga wa njano. Ni chipu ileile ya bluu iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Mwanga wake una urefu wa wimbi wa takriban nanomita 450, na nishati ya mwanga wa rangi hiyo ndiyo inayofanya chipu ihitaji karibu volti 2.8 kabla haijaanza kuwaka kwa nguvu. LED nyekundu hutosheka na volti 2 hivi, kwa hiyo hakuna fundi anayefikiria kuifunga moja kwa moja kwenye seli ya lithiamu. Nyeupe ndiyo inayotia kishawishi, kwa kuwa volti yake iko ndani ya masafa yaleyale ambamo seli ya lithiamu hufanyia kazi.

Sasa tuweke hesabu, kwa sababu hapa ndipo mambo yanapoonekana wazi. Katika eneo la ampea 1.5 hadi 3, unaweza kuichukulia XM-L kama kizuizi cha volti 2.85 kinachofuatwa na ukinzani wa omu 0.167. Hiyo ni njia ya kukadiria, si picha kamili ya LED, lakini inatosha kwa kazi ya karakana. Mkondo wa saketi yako unapatikana kwa kuchukua volti ya betri, kutoa 2.85, kisha kugawa kwa jumla ya ukinzani wote: ule wa LED, wa ndani ya seli, wa viunganishi, wa swichi na wa waya.

Katika taa za mwanzo, seli moja kuukuu ya kompyuta inaweza kuwa na ukinzani wa ndani wa omu 0.2, hivyo mbili zikiwa sambamba zina 0.1. Spiringi tuzipe 0.1, waya na swichi 0.1 nyingine. Jumla nje ya LED ni omu 0.3. Betri ikiwa na volti 4.1, tofauti ni volti 1.25, ukiigawa kwa 0.467 unapata ampea 2.7. LED iko chini ya kikomo chake, kwa nafasi ndogo. Betri ikishuka hadi 3.7, mkondo unashuka hadi ampea 1.8, na ikifika 3.4 mkondo ni ampea 1.2 hivi. Taa hiyo inaanza usiku kwa ukali kisha inafifia taratibu, jambo ambalo nina hakika wavuvi wako wameliona.

Katika taa mpya, seli nne nzuri zenye omu 0.04 kila moja, zikiwa sambamba, zina omu 0.01 tu. Vipande vya nikeli, waya mnene na swichi nzuri tuseme ni 0.09. Jumla ni 0.1. Volti 1.25 zikigawanywa kwa 0.267 zinatoa ampea 4.7. LED inayoruhusiwa ampea 3 inapitisha zaidi ya mara moja na nusu ya kikomo hicho, na inameza wati 17 badala ya 10. Zaidi ya hapo, seli nne mpya hazitikisiki kwa mzigo huo, kwa kuwa kila moja inatoa ampea 1.2 tu, volti yake inabaki juu kwa muda mrefu, na LED inateswa kwa muda huo wote. Hata betri ikishuka hadi volti 3.7, mkondo unakuwa ampea 3.2, yaani ungali juu ya kikomo.

Hapo sijaingiza joto. Balbu ya zamani yenye uzi wa chuma hujilinda yenyewe kwa namna fulani, kwa sababu uzi ukipata joto ukinzani wake hupanda na mkondo hupungua. LED hufanya kinyume. Volti ya XM-L hushuka kwa takriban milivolti 2.1 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi joto linapopanda, hivyo chipu ikiongezeka joto kwa nyuzi 60, volti inayohitajika inashuka kwa volti 0.126. Katika saketi yako mpya yenye ukinzani mdogo, kushuka huko peke yake kunaongeza karibu nusu ampea juu ya zile 4.7. Mkondo unaongeza joto, joto linashusha volti, na volti iliyoshuka inaita mkondo mwingine. Kama kile kibao cha nyota ambacho LED imekaa juu yake kimebanwa bila mafuta ya kupitisha joto, au kimekaa juu ya plastiki, mzunguko huo hauna mahali pa kuishia isipokuwa kuungua.

Rangi ya bluu uliyoiona ni dalili ya mambo hayohayo. Unga wa njano juu ya chipu, pamoja na silikoni inayoushika, ukizidiwa na joto na mwanga mkali, hushindwa kugeuza sehemu yake ya mwanga wa bluu kuwa njano, na bluu inapita ikiwa wazi. Ukiwasha taa yoyote ukaona weupe wake unaelekea bluu ndani ya dakika chache za kwanza, izime mara moja. Ikiwa kuungua hakujaanza, LED hurudia rangi yake ikipoa.

Huenda umejaribu kupima mkondo kwa multimita ukaona namba isiyotisha, na hili ni jambo linalowapotosha mafundi wengi. Unapoiweka multimita kwenye upande wa ampea 10 na kuipitisha katikati ya saketi, nyaya zake na kipimio cha ndani vinaweza kuongeza omu 0.1 kirahisi. Kwa taa ya kawaida ya volti 12 huo ni upungufu usio na maana. Katika saketi yako yenye jumla ya omu 0.267, omu 0.1 ya ziada inashusha mkondo kutoka ampea 4.7 hadi 3.4. Multimita inakuonyesha 3.4, unaridhika kwamba umezidi kidogo tu, unaitoa, unafunga taa, na mkondo unaruka kurudi 4.7 mahali ambapo huuoni tena. Njia ya uhakika ni kuacha rezista ndogo inayojulikana ndani ya saketi daima, kisha kupima volti kati ya ncha zake mbili. Rezista ya omu 0.1 ikionyesha volti 0.15, mkondo ni ampea 1.5, na kipimo hicho hakibadilishi kitu chochote katika taa.

Je, ni mwiko kufunga LED moja kwa moja? La. Viwanda hufanya hivyo. Zile tochi ndogo za kuning'iniza kwenye funguo, zenye betri bapa ya kitufe, hazina rezista kwa sababu betri yenyewe ina ukinzani mkubwa wa ndani usioruhusu mkondo wa kuunguza. Aliyeiunda tochi hiyo anaujua ukinzani huo na anauhesabia. Kasoro ya taa yako ni kwamba mkondo wake umeamuliwa na vitu ambavyo hukuvichagua na ambavyo hubadilika: spiringi ikipata kutu mwanga unapungua, mteja akibadilisha seli LED inaungua, na taa mbili zilizotoka mezani kwako siku moja zinafanya kazi tofauti. Mtu anayekwenda ziwani usiku wa giza la mwezi anastahili taa ambayo fundi wake anajua itapitisha ampea ngapi. Kwa hiyo ushauri wangu ni kuweka ndani ya saketi kizuizi kimoja ulichokichagua mwenyewe, kikubwa kuliko vizuizi vyote vya bahati nasibu.

Kizuizi cha bei nafuu kabisa ni rezista. Tuseme unataka XM-L moja isizidi ampea 1.5 betri ikiwa imejaa. Volti 4.1 ukitoa 3.1 inabaki volti 1. Ukigawa kwa 1.5 unapata omu 0.67, na kwa kuwa waya na seli zako tayari zina 0.1, rezista ya omu 0.56 inakutosha. Itatoa joto la wati 1.3 hivi, kwa hiyo chukua ile nyeupe ya kauri ya wati 5 na usiigusishe na plastiki wala seli. Sasa angalia kinachotokea. Kwa seli mpya mkondo ni ampea 1.5, kwa seli kuukuu na spiringi zake ni ampea 1.2. Tofauti iliyokuwa kati ya 2.7 na 4.7 imekuwa ndogo kiasi kwamba mvuvi hawezi kuiona kwa macho. Haya ndiyo marekebisho ninayokushauri uyafanye haraka kwa taa zote za mwanzo ambazo ziko mikononi mwa wateja, kabla mmoja wao hajazipeleka kwa fundi mwingine kubadilishiwa seli. Upungufu wa rezista ni kwamba taa bado itafifia jinsi betri inavyoshuka: kwenye volti 3.7 itakuwa ampea 1, na kwenye 3.4 itakuwa chini ya 0.7.

Kinachofaa zaidi kwa taa unazoziunda upya ni chipu ndogo ya kudhibiti mkondo iitwayo AMC7135. Inapatikana ikiwa peke yake au ikiwa imelehemiwa kwenye vibao vidogo vya mviringo vya tochi, mara nyingi nne au nane kwa pamoja. Kila chipu hupitisha takriban miliampea 350, wala haizidishi, seli iwe mpya au kuukuu, imejaa au imefika nusu. Ukiweka mbili sambamba unapata ampea 0.7, nane zinakupa 2.8. Inakaa upande wa hasi: chanya ya LED inakwenda moja kwa moja kwenye chanya ya betri, hasi ya LED inaingia kwenye mguu wa kutoa mkondo wa chipu, mguu wa ardhi unakwenda kwenye hasi ya betri, na mguu wa tatu unachukua umeme wake kutoka chanya ya betri. Inahitaji volti 0.12 tu ya nafasi juu ya volti ya LED ili idhibiti sawasawa. Betri ikishuka chini ya hapo, mkondo hupungua taratibu na mwanga hufifia, jambo linalompa mvuvi taarifa kwamba umeme unakaribia kwisha badala ya kumwacha gizani ghafla.

Usidhani kwamba chipu hii inaokoa umeme kuliko rezista. Volti ya ziada inageuzwa kuwa joto vilevile, na betri ikiwa imejaa kila chipu inaweza kutoa karibu wati 0.4 za joto, ndiyo maana ulimi wake wa chuma, ambao umeungana na ardhi, unapaswa kulehemiwa kwenye eneo pana la shaba. Faida yake ni mkondo usiobadilika. Na kadiri betri inavyoshuka kuelekea volti ya LED, hasara hupungua yenyewe: kwenye volti 3.3, zaidi ya asilimia 85 ya umeme unafika kwenye LED inayohitaji volti 2.9.

Hapa tunafika kwenye LED zako tatu, na wazo lako ni zuri kuliko ulivyolikusudia. XM-L ilitangazwa kwamba hutoa lumeni 1,000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) kwa ampea 3, ikitumia wati 10, yaani lumeni 100 kwa kila wati. Kwa ampea 0.35 hutoa lumeni 160 kwa kila wati. LED inafanya kazi kwa ufanisi zaidi ikipewa mkondo mdogo. LED moja nzuri ya aina hiyo kwa ampea 0.7 hutoa kama lumeni 300. Tatu zinakupa 900, karibu sawa na moja inayosukumwa hadi kikomo, lakini zinatumia wati 6 badala ya 10, na joto limegawanywa sehemu tatu. Kama taa yako inalenga kuchukua nafasi ya karabai, ningeweka nguvu zote kwenye kuongeza idadi ya LED na kupunguza mkondo wa kila moja. Tahadhari moja tu: jina XM-L au T6 (daraja lake la mwangaza) kwenye kifuko cha dukani halithibitishi kilichomo, kwa hiyo pima volti ya LED kwa mkondo unaojulikana kabla hujanunua nyingi. LED inayohitaji volti 3.6 kwa ampea 0.7 ni kitu kingine kabisa.

Lakini usizifunge tatu sambamba zikategemea kizuizi kimoja. LED mbili za mfuko mmoja zinaweza kutofautiana kwa volti 0.1, na kwa ukinzani wao mdogo tofauti hiyo inatosha kuipa moja nusu ampea zaidi ya jirani yake. Ile inayopata zaidi inapata joto zaidi, volti yake inashuka, inavuta mkondo wa wenzake, na ikiungua mzigo wote unahamia kwa zilizobaki. Kila LED iwe na AMC7135 zake mwenyewe, mbili mbili kwa ampea 0.7, au moja moja kwa ampea 0.35. Uamuzi kati ya hayo mawili utategemea urefu wa usiku. Seli nne mpya za ampea-saa 2.5 zina jumla ya ampea-saa 10. LED tatu kwa ampea 0.7 zinachukua 2.1, na betri itakwisha kabla ya saa tano kupita. Kwa ampea 0.35 kila moja, jumla ni 1.05, unapata zaidi ya saa tisa, na mwanga wa karibu lumeni 460 unaobaki uleule karibu usiku wote. Ukitaka lumeni 900 hadi alfajiri, andaa seli nane.

Waya wa mita tano ni suala linalostahili kuhesabiwa peke yake, kwa sababu umeme unakwenda na kurudi, hivyo ni mita kumi za shaba. Shaba ya milimita mraba 1 ina omu 0.0175 kwa mita, kwa hiyo waya wako una omu 0.175. Kwa ampea 2.1 unapoteza volti 0.37 njiani. Chipu ya kudhibiti itafidia hasara hiyo mradi betri ina volti za kutosha, lakini ikishuka chini ya takriban volti 3.4 mwanga utaanza kufifia wakati seli bado zina akiba. Waya wa milimita mraba 2.5 unapunguza hasara hadi volti 0.15, na mwanga utadumu mpaka betri ifike karibu volti 3.2. Kwa ampea 1.05, waya wa milimita mraba 1 unavumilika. Ikiwa mpangilio wa mtumbwi unalazimisha waya mrefu zaidi ya hapo, badilisha mfumo: seli tatu kwa mfuatano, LED tatu kwa mfuatano, na draiva ya kushusha volti iliyopangwa ampea 0.7 katikati yao. Waya huo huo wa mita tano utapoteza volti 0.12 kati ya 11, hasara isiyo na uzito. Gharama yake ni kwamba seli za mfuatano zinahitaji saketi ya ulinzi inayozisawazisha, na sikushauri uzichanganye kuukuu na mpya katika mpangilio huo hata kidogo.

Kama moyo wako bado uko kwenye kufunga moja kwa moja kwa sababu ya urahisi, kuna seli inayokuruhusu kwa usalama zaidi, nayo ni ya lithiamu-chuma-fosfeti. Volti yake hukaa karibu 3.2 hadi 3.3 kwa sehemu kubwa ya safari. Kwa saketi yako mpya ya omu 0.1 na XM-L moja, volti 3.3 zinatoa ampea 1.7, na hata dakika chache baada ya kutoka kwenye chaja mkondo haufiki kikomo. Mwanga nao unabaki karibu sawa hadi mwisho. Sharti lake ni chaja yake mwenyewe, inayoishia volti 3.65; chaja ya volti 4.2 itaiharibu.

Nimalizie na seli zenyewe, kwa kuwa LED ikiungua umepoteza fedha kidogo, ila seli ikishika moto ndani ya mtumbwi hakuna pa kukimbilia. LED iliyofungwa moja kwa moja haijizimi betri inapokwisha. Hata kwenye volti 2.6 bado inavuta mkondo mdogo, na taa iliyosahauliwa ikiwaka itaendelea kunyonya. Seli ikishushwa sana, shaba ya ndani huanza kuyeyuka, na ikichajiwa tena shaba hiyo inaweza kujijenga mahali pabaya na kusababisha shoti ya ndani. Weka saketi ya ulinzi kwenye kila betri, ile ya kawaida yenye chipu ya DW01, ambayo hukata karibu volti 2.4, na uwaagize wavuvi wazime taa mwanga unapofifia bila kusubiri ikatike. Vibao vya namna hiyo vyenye transista moja pacha vina uwezo wa takriban ampea 3. Kwa mzigo wa 2.1 vinatosha. Weka pia fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na chanya ya betri, kwa sababu waya wa mtumbwini hukwaruzwa.

Seli unayoitoa kwenye kompyuta ikiwa chini ya volti 2, usiifufue. Zilizobaki zichaji hadi 4.2, ziache wiki moja au mbili, na ile iliyoshuka chini ya 4.0 bila mzigo iweke kando. Kisha pima ukinzani wake: soma volti bila mzigo, unganisha rezista inayovuta ampea 1, soma tena. Ikishuka kutoka 4.10 hadi 3.95, ukinzani ni omu 0.15. Zipange zinazofanana pamoja, na kabla ya kuzifunga sambamba hakikisha volti zake zimelingana, maana seli ya 4.1 ikigusana na ya 3.5 hutoa mkondo mkubwa ambao hukuupanga.

Kuhusu kuchaji, kile kibao cha TP4056 kinachouzwa kila mahali hutoa ampea 1, hivyo betri ya ampea-saa 10 itakitaka zaidi ya saa kumi. Kwa seli nane tafuta chaja ya ampea 3 au zaidi inayoishia 4.2. Kibao hicho hutambua kwamba betri imejaa pale mkondo unaposhuka hadi moja ya kumi ya ule wa mwanzo. Taa ikiachwa inawaka huku ikichajiwa, LED inaendelea kuvuta mkondo, kibao hakioni mkondo ukishuka, na seli zinashikiliwa kwenye volti 4.2 kwa saa nyingi bila kukata. Swichi yenye njia mbili, upande mmoja chaji na upande wa pili taa, inaondoa tatizo hilo kwa gharama ndogo, na ningeifunga kwenye kila taa inayotoka karakanani kwako.